Jogoo wa Chumvi: siku sita kutoka Dar hadi Kaboya

Nimerudi nyumbani wiki mbili sasa. Daftari lina kurasa kumi na moja za mwandiko wa kwenye basi, na simu ina picha themanini na tatu ambazo karibu nusu ni za kidole changu. Mjukuu wangu amezipanga kwa tarehe, na yeye ndiye anayechapa haya ninayomsomea. Ukikutana na neno la vijana, ujue si langu.

Februari 1979 rafiki yangu alifia vitani Uganda, tukiwa njiani kuelekea Masaka. Amezikwa Kaboya, wilayani Muleba, pamoja na wenzake wa vita ile. Miaka 46 sikuwahi kwenda kumwona. Sababu zilikuwepo na zote zilikuwa nzuri: ada za watoto, shamba, mke kuumwa, magoti. Mwaka huu nilijikuta sina hata moja iliyobaki ila magoti.

Jina lake silitaji, ndugu zake wapo. Kambini tulimwita Chumvi. Alikuwa Mnyaturu wa Singida, na hakuna siku niliyomwona bila kifundo cha kitambaa kwenye mfuko wa shati, chumvi ndani. Maharage ya kambini yanakuja yamepoa, hayana ladha, yeye anafungua kifundo chake taratibu kama mtu anayefungua hirizi, anachota kwa vidole viwili, anapitisha. Ukimwudhi asubuhi, mchana unakula bila chumvi. Kwa hiyo hakuna aliyemwudhi.

Siku ya kwanza. Jumanne, 11 Februari 2025: Dar es Salaam hadi Dodoma

Nilipanda treni ya umeme, ile ya kawaida, si ya haraka. Tiketi shilingi 31,000, mjukuu aliikata kwenye simu usiku uliotangulia. Bodaboda kutoka nyumbani 5,000, na kijana akanishusha upande usio wangu, nikatembea na begi hadi lango la abiria.

Kwa atakayefuata: kitambulisho kile kile ulichokatia tiketi ndicho utakachoulizwa mlangoni, na mzigo unapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Fika mapema. Treni hii haina huruma ya mabasi. Muda ukifika, imeondoka.

Nilikuwa nimejipangia jambo moja tu: tukipita Ruvu nitazame upande wa Mlandizi, kwa sababu huko ndiko tulikokutana mimi na Chumvi mwaka 1977, vijana wa kujitolea wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Nikaanza kumweleza binti aliyekaa dirishani, mwalimu anayerudi kazini Dodoma, kwamba pale tulikimbizwa mchakamchaka kabla jua halijatoka, kisha tukapewa jembe. Kabla sijafika kwenye jembe, Ruvu ilikuwa imeshapita. Binti akaniomba radhi, eti alikuwa hajui nataka kuangalia, akanihamishia kiti chake cha dirishani. Nikakaa dirishani hadi Dodoma nikiangalia mahali ambapo sikuwa na kumbukumbu napo.

Basi nikumbuke hapa. Tulikuwa Ruvu askari wa Iddi Amin wa Uganda walipovamia Kagera mwisho wa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba tulikusanyika kwenye redio ya afande mmoja, tukamsikia Mwalimu Nyerere: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Kuruta wote tukapiga kelele. Chumvi hakupiga. Alikuwa anaangalia betri za ile redio, akaniambia kwa sauti ndogo, "Zinaisha hizi. Waambie wazianike juani kesho." Ndivyo alivyokuwa. Mambo makubwa aliyaacha kwa wakubwa.

Tulipelekwa vitani kwa reli ya zamani, siku baada ya siku, tukilala miguuni mwa wenzetu. Sasa mimi nikalala kidogo tu, nikaamshwa na giza. Karibu na Kilosa treni inapita ndani ya milima, na ile sauti ya kwenye spika ikatangaza kwamba tumo handakini. Mara yangu ya mwisho kuwa handakini nilikuwa na sepeto mkononi.

Dodoma nililala gesti ya 25,000, feni ipo, chandarua kina tundu la ngumi.

Siku ya pili. Jumatano: Dodoma hadi Ikungi

Basi la Singida, 12,000, lilijaa kwa saa moja na nusu kwanza. Bahi, Manyoni, kupanda, kushuka. Kuna mashamba ya alizeti na madumu ya mafuta yamepangwa kando ya barabara, na mawe makubwa yameketi juu ya mengine kama wazee kwenye kikao.

Nilishuka Ikungi, nikachukua bodaboda ya 4,000 kwenda kwa dada yake Chumvi. Alikuwa binti wa miaka kumi na saba wakati ule. Leo ni bibi wa wajukuu tisa, anatembea kwa fimbo ila ulimi wake hautembei kwa fimbo.

"Umechelewa, kaka," akaniambia. Nikamwomba radhi, nikamweleza basi lilivyochelewa kujaa Dodoma.

"Sisemei basi."

Nilipewa ugali wa uwele na mlenda, na kuku ambaye nadhani asubuhi ile alikuwa bado anatembea uani. Wajukuu wakaniita babu tangu nilipovuka kizingiti. Baada ya chakula dada akawafukuza wote, akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Taarifa ya kifo ilipofika mwaka 1979, mama yao hakuuliza amekufaje wala amezikwa wapi. Aliuliza, "Alikuwa amekula?" Waliokuja na taarifa hawakujua. Vita ilipokwisha, kila askari aliyepita Ikungi akielekea kwao, yule mama alimfuata barabarani kumwuliza kama alimjua mwanawe na kama mwanawe alikuwa amekula. Wengine walimjibu ndiyo ili wampe amani, lakini alikuwa na mtego wake: anauliza alikula nini. Hapo wanakwama. Alifariki mwaka 1996 bila jibu.

"Na wewe," dada akasema, "ulikuwa naye. Alikuwa amekula?"

Nikamwambia ukweli. Siku ile nilikuwa na homa, nimelala chini ya lori, sikumwona akila wala akishinda njaa. Sikumwambia sehemu ya pili ya ukweli, kwamba zamu ya kuteka maji siku ile ilikuwa yangu, na kwamba kombora lilipoanguka kwenye kijito, lilimkuta mtu aliyeshika dumu langu. Hilo sijawahi kumwambia mtu wa familia ile. Marehemu mke wangu alilijua, basi.

Dada hakukasirika. Akatoka nje, akarudi ameshika jogoo mwekundu kwa miguu.

"Huko uendako kuna wenzenu wengine. Atakayejibu swali la mama, mpe huyu. Usipopata, urudi naye."

Nilijaribu kumweleza habari za umbali wa Bukoba. Nilisema hata kwamba labda ningebeba kitu chepesi, udongo wa nyumbani kwa mfano. Akaniangalia. "Kaburi lina udongo wake. Beba kuku."

Siku ya tatu. Alhamisi: Singida, na barabara

Asubuhi tulisafiri na jogoo hadi Singida mjini, tukakaa stendi. Basi la Bukoba nililoambiwa litapita saa kumi jioni lilifika saa mbili usiku. Nauli kutoka hapo 45,000. Siku hizi mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo kuchelewa hakumstui mtu tena. Zamani tungelala hapo hapo.

Muda huo wote nilikaa kwenye benchi la mama ntilie mmoja, ambaye baada ya saa mbili alikataa kunitoza chai ya pili na akamletea jogoo mtama na maji kwenye kifuniko cha ndoo. Nikamsimulia safari. Akasema kaka yake mkubwa alikuwa mgambo kwenye vita ile ile, alirudi mzima, ila hadi anafariki hakuvumilia mtu afunge mlango kwa kishindo.

Kondakta: "Mzee, huyo ni abiria au mzigo?"

"Ni malipo."

"Malipo ni shilingi elfu tatu."

Nikalipa. Jogoo akawekwa kwenye tenga, tenga likawekwa kwenye buti kati ya magunia ya vitunguu. Usafiri wa kuku nakushauri umalizane na kondakta kabla basi halijawasha injini. Ukisubiri njiani, bei inapanda na huna pa kushukia.

Sekenke tuliishuka gizani, Igunga nimeiandika kwenye daftari bila neno lolote mbele yake. Kupita Nzega, tairi la nyuma likapasuka. Jeki ya basi letu ilikuwepo lakini haikuinua. Tukasimama barabarani abiria zaidi ya hamsini, tukiangalia nyota kwa kukosa kingine, mpaka dereva wa lori la kwenda Rwanda aliposimama mwenyewe bila kupungiwa mkono, akatoa jeki yake, akalala chini na shati lake safi. Alipomaliza tukamchangia fedha ya soda, akakataa, akachukua sigara moja tu kwa abiria mmoja. Katikati ya kazi hiyo jogoo aliwika ndani ya buti. Mtoto mmoja akauliza kama kumekucha. Ilikuwa saa saba kasoro.

Nilikuwa macho Kahama. Nilikuwa macho Ushirombo. Kulipopambazuka tulikuwa kwenye pori baada ya Biharamulo, pale ambapo miaka ya nyuma mabasi yalisindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi; leo ni mbuga ya taifa ya Burigi-Chato, na watu wanachungulia dirishani kutafuta twiga. Nikajiambia, sasa kaa macho, Kaboya inakuja, angalau upite ukimwona kwa mbali.

Niliamshwa na kondakta Bukoba, saa nne asubuhi.

Siku ya nne. Ijumaa: Bukoba

Nimepita Kaboya nikiwa nimelala. Niliiandika hivyo hivyo kwenye daftari na kuipigia mstari.

Aliyenipokea stendi ni mwenzetu wa platuni moja, nitamwita Koplo ingawa alistaafu na cheo kikubwa zaidi. Tulipotezana miaka mingi, tukakutana tena 2019 kwenye foleni ya mambo ya pensheni, na tangu hapo tunapigiana simu kila mwezi. Vita hatujawahi kuizungumzia. Tunazungumzia magoti. Nilimwona kwa mbali amesimama wima katikati ya makelele ya stendi, kofia kichwani, mikono nyuma, miguu imeachana kiasi kile kile tulichofundishwa.

"Kuku wa nini?" akaniuliza kabla ya salamu.

"Nitakueleza."

Kwake ni nje kidogo ya mji, nyumba katikati ya migomba na mibuni, kijani mpaka macho yanapumzika. Mkewe alinipokea kwa "kasinge waitu," nikapewa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, na nikaambiwa nilale kwanza. Nililala hadi jioni. Mvua ya Bukoba ikipiga bati, huwezi kufanya kingine.

Usiku nikamweleza habari za mama wa Ikungi na swali lake. Koplo akanyamaza muda mrefu, akatazama upande wa jikoni alipokuwa mkewe.

"Mambo ya huko tutayasemea huko. Kesho twende mpakani."

Jogoo aliwika saa tatu usiku, saa sita, na saa tisa. Kwa mpangilio wa lindo kabisa.

Siku ya tano. Jumamosi: Kyaka na Mutukula

Kutoka Bukoba mjini kuna haisi za kwenda Mutukula, umbali wa kilomita 80 hivi, lami njia nzima. Tulilipa 6,000 kila mmoja. Kaa upande wa kulia kama hutaki jua la asubuhi... au ni kushoto? Koplo anasema kushoto. Muulize kondakta.

Tulishuka kwanza Kyaka. Daraja la leo ni imara, malori yanapita bila kupunguza mwendo, na vijana wanaouza mahindi ya kuchoma hawaangalii mto. Mto Kagera ule ule, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Novemba 1978 daraja la hapa lilivunjwa na askari wa Amin, na wananchi wa ng'ambo ile, wale waliowahi, walivuka walivyojua wenyewe. Sisi tulivuka baadaye juu ya daraja la chuma la muda, gari moja moja, usiku, taa zimezimwa. Chumvi alikuwa mbele yangu. Hakujua kuogelea, kwao Singida maziwa yapo ila ni ya chumvi na hakuna anayejifunzia humo, alisema. Alivuka daraja zima ameshika mkanda wa begi la aliyemtangulia kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake, na upande wa pili akaniambia amehesabu hatua zote. Aliniambia ni ngapi. Nimejaribu miaka yote kuikumbuka hiyo namba.

Juu kilimani kuna mabaki ya kanisa lililopigwa wakati wa vita, yameachwa yalivyo. Koplo hakutaka kupanda, kwa sababu ya magoti. Nikapanda mwenyewe nusu ya njia, kwa sababu hiyo hiyo.

Mutukula ya sasa ni mji. Kuna kituo cha pamoja cha forodha, foleni za malori, maduka ya simu, watu wanabadilisha shilingi zao na zetu mkononi. Kama huvuki, usisogee na kamera upande wa ofisi. Kijana wa sare aliniambia kwa adabu, "Mzee, picha hapana," na nikamwambia ndiyo afande kabla sijafikiri. Mji huu tuliuchukua Januari 1979, na baadaye tukasonga kaskazini. Masaka ilianguka Februari hiyo hiyo aliyoanguka Chumvi, Kampala Aprili. Nilifika Kampala. Watu walitushangilia barabarani, na mimi nilikuwa nageuka geuka kumtafuta mtu wa kumwambia.

Tulikula kwenye kibanda kimoja upande wetu. Matoke na samaki, 5,000 sahani, chakula kizuri kuliko vyote nilivyokula safarini ukiacha cha Ikungi. Koplo alipochukua kijiko cha kwanza akaanza kucheka peke yake, mabega yanatikisika.

"Nini?"

"Chumvi na ndizi zake."

Nikaweka kijiko chini.

Kwa maneno yake, nilivyoyaandika jioni ile: siku ile gari la chakula lilikuwa halijatufikia kwa siku kadhaa, tulikuwa tunagawana biskuti kavu. Kijiji kilikuwa tupu, wenyewe wamekimbia, na amri ilikuwa shamba la mtu lisiguswe. Chumvi aliligusa. Alikata chane mbili za ndizi mbichi, akazipika ndani ya kofia ya chuma nyuma ya ukuta uliobomoka, akidhani moshi hauna miguu. Sajenti akaufuata moshi. Alipofika, kofia ilikuwa tupu.

"Alikuwa amekula zote?"

"Zote. Mimi nilimkuta anaramba vidole. Alinikunjulia kile kitambaa chake, akasema nilambe, ndicho kilichobaki."

Sajenti akampa adhabu: maji, mara mbili, peke yake.

"Hapana," nikamwambia. "Zamu ilikuwa yangu. Alichukua dumu langu kwa sababu nilikuwa na homa."

Koplo akaniangalia kama anaangalia mtu aliyevaa shati kinyume. "Wewe? Wewe sajenti alikufuta kwenye zamu tangu asubuhi. Ulikuwa chini ya lori unatetemeka na unaita watu tusiowajua. Maji hayakukuhusu. Lile dumu lilikuwa la kombania, dumu lako ni lipi?"

Mtu angetarajia niseme nilipata nafuu. Nilimkasirikia. Nilimwambia hakumbuki vizuri, kwamba yeye siku ile alikuwa upande mwingine, kwamba mtu wa miaka sabini asinifundishe maisha yangu. Tulibishana mpaka mwenye kibanda akaja kuuliza kama chakula kina tatizo. Kwenye haisi ya kurudi tulikaa viti tofauti. Miaka 46 nimeliamkia dumu lile, nimelisomesha na watoto wangu, nimezeeka nalo, halafu mtu anakuja na kijiko cha matoke mdomoni anakwambia si lako.

Karibu na Kyaka alinigonga begani kutoka nyuma, akanipa hindi la kuchoma. Nikalichukua.

Usiku nilimkabidhi jogoo. Alimpokea kwa mikono miwili.

Siku ya sita. Jumapili: Kaboya

Tulikwenda kwa gari la mtoto wake, barabara ya kurudi upande wa Muleba. Eneo linatunzwa na jeshi. Nenda na kitambulisho, jieleze mlangoni, vaa kwa heshima, na usitoe simu mpaka uambiwe. Kama una ndugu pale na unajua jina lake kamili, liandike kwenye karatasi kabla hujafika; ukifika mdomo unaweza kukataa. Mlangoni vijana wawili wa sare walitupa shikamoo. Koplo alipowatajia kikosi chetu na mwaka, mmoja wao akasimama wima akatupigia saluti, mtoto wa miaka ishirini na kitu, na Koplo akairudisha vizuri sana. Mimi mkono wangu uliishia begani, goti na bega ni ndugu.

Makaburi yamepangwa kwa safu, yamenyooka kama gwaride. Nyasi zimefyekwa. Kijana alitutembeza, akasoma karatasi yangu, akatembea mbele yetu kwa hatua fupi ili tusiachwe. Kisha akasimama, akasogea pembeni, akageuka kuangalia barabara.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Yamo kwenye daftari, ukurasa wa tisa, na yatabaki humo. Nilichofanya ni kukaa chini, jambo ambalo kwa magoti haya si dogo, na kumwambia kwamba betri za redio tulizianika. Koplo alibaki amesimama muda wote. Hatukuwa na haraka. Upepo wa huko ni wa baridi kidogo hata mchana, beba sweta.

Tulipotoka nilimpigia dada simu kutoka kando ya barabara, mtandao unakuja na kuondoka.

"Dada. Alikula."

"Nani kasema?"

"Aliyemwona akila. Kuku nimempa yeye."

"Alikula nini?"

"Ndizi."

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika, nikaangalia simu, dakika zinahesabu.

"Ndizi? Kaka yangu?" Akaanza kucheka, kicheko cha kukohoa. "Huyo ndizi alikuwa hazioni. Shangazi akileta ndizi kutoka mjini, anakwenda kulala kwa jirani mpaka ziishe."

"Alikula zote. Kofia nzima."

Akacheka tena, kisha akaacha. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Basi njaa ilikuwa imemzidi," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Ila chumvi alikuwa nayo.